Entebbe hadi London kwa Kasi Kupita Sauti: Kinachozuia Ni Nini?

Swali: Mhandisi, mimi ni kijana ninayesomea matengenezo ya ndege hapa Soroti. Tumesikia kwamba mwaka 2025 rais wa Marekani aliagiza marufuku ya ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu ifutwe. Je, tajiri wa Kampala akinunua jeti ndogo ya namna hiyo, atafika London kutoka Entebbe kwa saa nne? Sisi tulio chini tutausikia mshindo wake? Na kwa nini, tangu Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ilipostaafu, hakuna kampuni iliyoweza kuwauzia matajiri jeti kama hiyo, ilhali fedha wanazo?

Jibu: Kijana wangu, nianze na hesabu kwa kuwa hiyo ndiyo nyepesi. Kutoka Entebbe hadi London kwa mstari mnyoofu ni kilomita 6,500 hivi. Jeti ya kawaida ikienda kilomita 900 kwa saa itatumia saa saba na dakika kadhaa, bila kuhesabu muda wa kupaa na kutua. Jeti ya Mach 1.4, yaani mara 1.4 ya kasi ya sauti, huenda karibu kilomita 1,490 kwa saa katika hewa baridi ya juu, na ingemaliza umbali huo kwa saa nne na nusu. Ukiongeza muda wa kupaa, wa kuchochea mwendo na wa kuupunguza, sema saa tano. Saa nne, basi, isahau. Lakini hata hizo tano zinapatikana tu iwapo ndege itaruhusiwa kupita kasi ya sauti kuanzia juu ya Kiboga hapa Uganda hadi Ufaransa, na karibu robo tatu ya njia hiyo ni nchi kavu. Ikilazimika kuingoja bahari ya Mediterania ndipo ikimbie, itaokoa dakika 45 hivi, na sidhani kuna mtu atalipa mamilioni ya dola kwa ajili ya dakika 45.

Kwa hiyo maswali yako matatu yana mzizi mmoja, nao ni mshindo. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya marubani niliozungumza nao, hudhani mshindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapovuka kasi ya sauti, kisha basi. Sivyo. Nenda Ggaba, ufukoni mwa Ziwa Victoria, jioni moja, usimame kwenye maji yanayofika magotini, usubiri boti ya injini inayoelekea visiwani. Boti itakupita, utaanza kutazama mambo mengine, na baada ya muda wimbi litakupiga miguuni. Wimbi hilo halikuzaliwa boti ilipong'oa nanga. Linaandamana na boti safari nzima, limetanuka nyuma yake kama herufi V, na kila aliyesimama kando ya njia hiyo atapigwa kwa zamu yake. Wanafizikia watanikosoa kwamba mawimbi ya maji yana tabia zake za pekee, na watakuwa na haki, ila kwa kupata picha mfano unatosha. Ndege inayokwenda kasi kuliko sauti huziacha nyuma habari zake yenyewe. Mawimbi ya mshtuko hutanuka nyuma yake kama koni, na ubavu wa koni hiyo unapoburura ardhini ndipo sisi tunaposikia mshindo. Ndege ikiwa Mach 2, ubavu huo umeinama nyuzi 30 kutoka mstari wa safari. Ikiwa Mach 1.4, ni nyuzi 46 hivi.

Hivyo ardhini hutandikwa mkeka wa mshindo unaoifuata ndege bila kukatika. Kanuni ya makadirio ni kwamba kwa kila kilomita moja ya kimo, mkeka huo hupata upana wa kilomita tano hivi. Ndege iliyo kimo cha kilomita 16 hutandika mkeka wa kilomita 80. Chukua ramani yako ya Uganda, uchore mstari kutoka Entebbe kuelekea London, kisha uutanue kilomita 40 kila upande: utakuta Kiboga, Masindi, Pakwach na Arua zote ziko ndani. Tajiri mmoja na wageni wake wanane wangeamsha watoto wa wilaya zote hizo kwa muda wa dakika chache, kisha waendelee na Sudan Kusini.

Mshindo wenyewe una nguvu kiasi gani? Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Concorde ilipokuwa katika mwendo wake wa safari, ongezeko la shinikizo la hewa ardhini lilikuwa kama paskali 100, ambazo ni sehemu moja tu ya elfu ya shinikizo la kawaida la hewa. Ukipanda lifti ghorofa tatu katika jengo lolote la Kampala, mabadiliko ya shinikizo unayokutana nayo ni kama hayohayo, na huhisi kitu. Tofauti iko kwenye muda. Lifti hukubadilishia shinikizo kwa sekunde nyingi. Mshindo wa Concorde ulilipandisha kwa sehemu chache za elfu za sekunde, ukalishusha taratibu hadi chini ya kiwango cha kawaida, kisha ukalirudisha tena kwa ghafla ileile. Ukiuchora kwenye karatasi unapata umbo la herufi N, na pembe mbili kali za N hiyo ndizo zile "du-du" mbili zinazosikika.

Umewahi kumwona mwenye duka la kontena akifunga jioni? Akiusukuma mlango wa chuma kwa kisigino, mtaa mzima unageuka. Akiushika kwa mkono akausindikiza hadi mwisho, unasikia mguno tu. Mlango ni uleule, uzito uleule, na umefunga vilevile. Ubunifu wote wa jeti za kisasa za kasi kupita sauti, ukiondoa hesabu zake ngumu, ni jitihada ya kuusindikiza mlango huo kwa mkono: kuzivunja pembe za ile N ili shinikizo lipande polepole.

Marekani walijifunza kwa gharama kwamba watu hawazoei kisigino. Kuanzia Februari hadi Julai 1964, serikali yao iliupitishia mji wa Oklahoma City mishindo 1,253, kama minane kwa siku, kwa makusudi ya kuona iwapo wakazi wataizoea. Madirisha yalivunjika, malalamiko yakamiminika kwa maelfu, na mwisho wa jaribio zaidi ya robo ya waliohojiwa walisema hawangeweza kuishi na hali hiyo. Huku kwetu mtu anaweza kudhani tungekuwa wavumilivu zaidi, kwa kuwa Tororo peke yake imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi mno duniani. Mimi sikubaliani. Radi hutanguliwa na wingu, upepo na mwanga, na mama ana muda wa kuanua nguo kambani. Mshindo hukujia saa tano asubuhi mbingu zikiwa safi, na mabati ndiyo ya kwanza kuupokea.

Matunda ya Oklahoma City na ya mabishano yaliyofuata yalikuwa kanuni ya mwaka 1973, iliyozuia ndege ya kiraia kuzidi Mach 1 juu ya ardhi ya Marekani isipokuwa kwa kibali maalumu. Itazame vizuri kanuni hiyo: ilipiga marufuku mwendo, haikupima kelele. Hata kama ungebuni ndege inayopita kasi ya sauti kimya kama bundi, bado ungekuwa mvunja sheria. Kwa mhandisi hilo ni pigo kubwa, kwa sababu hakuna mwekezaji atakayelipia utafiti wa kupunguza kelele ikiwa zawadi ya kufaulu ni kukatazwa vilevile. Agizo ulilolisikia, la Juni 6, 2025, liliielekeza mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, kuiondoa marufuku ya mwendo na kuweka mahali pake kipimo cha kelele. Naliona kuwa badiliko la busara katika msingi wake, ingawa kupanga kipimo chenyewe ni kazi ngumu kuliko kutia saini.

Sasa turudi kwenye umbo. Nadharia ya kulainisha mshindo ilikuwapo tangu miaka ya 1960 na 1970, hasa kwa kazi ya Seebass na George wa Chuo Kikuu cha Cornell. Pua, chumba cha rubani, mabawa, midomo ya injini na mkia, kila kimoja huzaa wimbi lake la mshtuko. Yakiachiwa, mawimbi hayo hufukuzana njiani kuelekea ardhini, yale yenye nguvu yakiyafikia yaliyo dhaifu, hadi yanaungana na kuwa mawili makubwa, la mbele na la nyuma. Mbunifu akiupanga ujazo wa ndege na nguvu yake ya kunyanyua ili vipande hivyo viachane kwa nafasi na kwa nguvu zinazokaribiana, mawimbi hufika chini kabla hayajaungana. Mwaka 2003, ndege ya kivita ya F-5E iliyobandikwa pua nono kama ya pelikani ilithibitisha angani kwamba umbo lililolainishwa hudumu hadi ardhini, jambo ambalo baadhi ya wataalamu walikuwa wamelitilia shaka kwa miongo mitatu.

Mjukuu wa jaribio hilo ni X-59, ndege ya majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoruka mara ya kwanza huko California Oktoba 28, 2025. Imekusudiwa kwenda Mach 1.4 katika kimo cha futi 55,000 na kutoa mshindo wa desibeli 75 kwa kipimo cha ukubwa unaohisiwa na sikio, dhidi ya takribani 105 za Concorde. Desibeli 30 katika kipimo hicho maana yake ni kelele ambayo sikio litaihesabu kuwa moja ya nane. Lakini tazama bei iliyolipwa. X-59 ina urefu wa mita 30 na upana wa mabawa wa mita 9 tu. CRJ900 ya Uganda Airlines, unayoiona ikitua Entebbe, inaizidi kwa mita sita hivi na hubeba abiria 76. X-59 humbeba mtu mmoja. Pua yake imekula karibu theluthi ya urefu wote, na kwa sababu kioo cha mbele kingezaa wimbi la mshtuko, kioo chenyewe hakipo: rubani huona mbele kwa kamera na skrini. Injini imewekwa mgongoni ili mawimbi yake yaende juu. Hiyo ni ndege iliyochorwa na sheria ambayo ilikuwa bado haijaandikwa.

Mwenye kubuni jeti ya biashara anaanzia hapo, kisha anaongezewa mizigo. Abiria wake anataka kusimama wima ndani ya kibanda, anataka choo, anataka masanduku, na kila sentimita ya upana huongeza ukinzani wa hewa. Kwa umbo bora la kinadharia, ukinzani wa mawimbi hupungua mara kumi na sita ukiongeza urefu maradufu bila kubadili ujazo, ndiyo maana ndege hizi zote hurefuka kama mwanzi; lakini mwanzi mrefu hupinda, huhitaji kuimarishwa, na huongeza uzito. Mabawa yanayofaa kwa mwendo mkali hayapendi mwendo wa pole wa kutua. Concorde ilipokuwa Mach 2, kila kilo moja ya ukinzani iliiwezesha kunyanyua kilo saba na nusu hivi. Ndege za kawaida za abiria hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Mafuta, basi, ni mengi, na mafuta ni uzito, na uzito ni mshindo mkubwa zaidi. Mduara huo ndio unaowala wabunifu.

Injini nayo ina ugomvi wake. Ili ndege isiwe kero karibu na uwanja, unataka injini pana inayosukuma hewa nyingi polepole. Ili ikate hewa kwa Mach 1.4, unataka injini nyembamba inayotoa hewa kidogo kwa kasi. Huwezi kupata zote mbili kwenye kasha moja bila kupoteza kidogo kila upande. Kampuni ya Aerion ya Marekani ilichagua njia ya katikati kwa jeti yake ya AS2: injini tatu zilizobuniwa mahususi na General Electric, Mach 1.4, abiria wanane hadi kumi, bei ya dola milioni 120. Wateja walikuwapo na oda zilikuwapo. Mei 2021 kampuni ilifunga milango kwa kukosa mtaji wa kufikia hatua ya uzalishaji. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu: tajiri mmoja mmoja fedha anazo za kununua ndege iliyokamilika, ila gharama ya kuikamilisha injini mpya na ndege mpya hugawanywa kwa mamia machache ya wanunuzi tu, na mamia hayo hupungua nusu mara moja ikiwa ndege itaruhusiwa kukimbia juu ya bahari peke yake. Mpinzani naye hajalala. Jeti ya Global 8000 ya kampuni ya Bombardier hufika Mach 0.95 bila mshindo wowote, na kwa mwendo huo ingefika London kutoka Entebbe kwa saa sita na nusu hivi.

Ipo njia nyingine, ambayo mimi binafsi naiona ya kuvutia zaidi kwa bara kama letu. Januari 28, 2025, ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom ilivuka kasi ya sauti juu ya jangwa la Mojave huko Marekani, ikafika Mach 1.12, na kampuni ikatangaza kwamba hakuna mshindo uliosikika ardhini. Hakuna uchawi. Unajua jinsi ngoma za ng'ambo ya ziwa zinavyosikika vizuri usiku? Hewa iliyo juu ya maji imepoa, ile ya juu yake ina joto, na sauti hupindwa kurudi chini. Mchana, ndege ikiwa juu, mambo ni kinyume: hewa ya juu ni baridi kali, ya chini ina joto, na sauti inayoteremka hupindwa kuelekea juu. Ndege isipozidi kasi ya sauti ya hewa ya chini, mawimbi yake hugeuka njiani yasifike kwetu.

Fanya hesabu hiyo kwa Uganda. Kwenye nyuzi joto 25, sauti husafiri mita 346 kwa sekunde, sawa na kilomita 1,245 kwa saa; huo ndio ukomo wako mchana juu ya Masindi, pasipo upepo. Usiku kwenye nyuzi 17 unashuka hadi kama 1,230. Lakini juu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109 na barafu, ukomo huo ni chini ya 1,200, na mawimbi hayahitaji kushuka sana ili yaguse mlima. Rubani angehitaji taarifa za joto na upepo za kila tabaka la hewa kwa njia nzima, na nafasi ya tahadhari juu yake. Ukichukua kilomita 1,150 kwa saa kama mwendo salama, London inafikika kwa saa tano na dakika 40, kando ya muda wa kupaa na kutua. Ubaya ni kwamba kati ya Mach 1 na 1.2 ndipo ukinzani wa hewa ulipo mkali kupita kiasi, hivyo mwenye ndege angelipa mafuta ya mwendo mkali kwa faida ya saa moja na nusu.

Upande wa sheria, usidhani agizo la Washington linavuka mipaka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa maazimio yake imesisitiza kwamba mshindo usiwaletee wananchi hali isiyovumilika. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda inaweza kukubali au kukataa, ila kukubali kwake hakutoshi, kwa sababu njia yako inapita Sudan Kusini, Sudan, pembe ya Chad, Libya, Italia na Ufaransa. Desemba 1977 British Airways na Singapore Airlines walianza kuirusha Concorde kutoka Bahrain hadi Singapore. Baada ya safari tatu za kwenda na kurudi, Malaysia ilikataa ipite angani kwake, na huduma ikasimama hadi 1979 ilipotafutiwa njia nyingine. Nchi moja ilitosha. Sisi tusio na pwani tunahitaji ruhusa za wote kabla hatujaiona bahari, na tangu vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 ndege nyingi zimelazimika kuizunguka anga hiyo hata kwa mwendo wa kawaida.

Mwisho, kuna jambo ambalo hukuuliza lakini ningekuwa mkaguzi ningeanza nalo. Ndege inapochochea mwendo kupita Mach 1, mawimbi yake hukusanyika mahali pamoja, na kwa ukanda mwembamba ardhini mshindo huwa mara mbili, tatu au zaidi ya ule wa safari. Umbo zuri la pua haliuzuii. Concorde iliutupa ukanda huo baharini. Kutoka Entebbe, njia ya kurukia yenye mita 3,658 inatosha, na upande wake wa kusini unaelekea ziwani, kwa hiyo kelele ya kupaa si tatizo kubwa. Lakini ukanda wa mshindo mkubwa lazima uangukie mahali fulani. Ukichochea mwendo ukielekea kaskazini, umeuangushia mashamba ya Kiboga. Ukienda kwanza kusini ili uuangushie ziwa, umepoteza mafuta na dakika ulizozinunua, umeingia anga ya Tanzania, na chini yako kuna visiwa vya Ssese na Ukerewe na mamia ya mitumbwi ya wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wenye taa zao. Mtu yeyote atakayeleta maombi ya kibali Entebbe atapaswa kwanza kuonyesha kwenye ramani, kwa kalamu, ukanda huo unaangukia wapi na saa ngapi.